Mpangaji Asiye na Viatu

Asubuhi ya Jumatatu Kasuku alisema uongo mmoja mdogo mlangoni kwake, na kufikia Alhamisi uongo ule ulikuwa na kazi, na kikohozi, na shati linaloning'inia kwenye kamba.

Aliyekuwa mlangoni ni msichana wa hospitali, yule wa mazoezi ya viungo. Kwa wiki tatu alikuwa akija kila Jumatatu kumfanyisha mazoezi mama yake Kasuku, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi alivunjika nyonga. Daktari aliiunga, ikaungika vizuri, lakini mfupa ukishaunga kazi yote hubaki kwa miguu, na miguu ya Bibi ilikuwa haitaki kazi.

"Imeanza kusahau," msichana alisema huku akivaa viatu vyake. "Mara moja kwa wiki haitoshi, baba. Anataka kila siku, asubuhi na jioni. Akilala hivi miezi miwili mingine, hatasimama tena."

"Kila siku nitakupata wapi?"

"Ndiyo nilitaka kukuambia. Bweni letu la wauguzi linafungwa kwa matengenezo, mwisho Jumamosi tuwe tumetoka. Bibi ameniambia mna chumba kitupu. Nikipanga hapa, nitamfanyisha kabla ya zamu na jioni nikirudi. Hilo halitakuwa na malipo, nitakuwa nyumbani."

Kasuku alitaka kucheka kwa furaha. Neno "karibu" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaona si adabu kumkaribisha mtu ambaye wiki tatu nzima amemwita "dada" tu, akamuuliza jina. Msichana akamtajia jina lake na la baba yake.

Yalikuwa majina mazuri, hayana kasoro. Lakini yalikuwa majina ya dini ya pili. Si mwenzetu, kama wasemavyo watu wakishusha sauti. "Karibu" ikageuka pale pale kwenye meno ikarudi ilikotoka.

"Ah, kile chumba," Kasuku alisema. "Kimeshachukuliwa, dada."

"Lini?"

"Jana jioni."

Msichana aligeuza macho mara moja tu. Mlango wa chumba chenyewe ulikuwa wazi nyuma ya Kasuku, na ndani mlikuwa na ndoo, ufagio na hewa.

"Haya, baba. Mungu akipenda nitapata kwingine."

Alilisema bila kinyongo, na Kasuku ikamuuma kidogo kwamba amemtaja Mungu kwa upole namna ile. Alikuwa hajafunga mlango vizuri, sauti ikatoka chumba cha pili.

"Kimechukuliwa na nani?"

Miezi mitatu ya kitanda ilikuwa imempa Bibi masikio ya kumsikia sisimizi akibadilisha njia.

"Fundi saa, mama," Kasuku alijibu. Ulimi wake ulizoea kukimbia mbele ya akili, maana ndio uliomlisha. "Mtu mzima, mtaratibu. Mwenzetu."

"Mwenzetu katika nini? Katika kutonyoosha miguu yangu?"

*

Kasuku alikuwa mtafsiri wa filamu. Si kwa maandishi: alikaa kwenye kiti kirefu pembeni ya pazia la ukumbi wa sinema, kipaza sauti mkononi, na chochote walichosema wale wazungumzaji wa lugha za kigeni yeye alikigeuza papo hapo kikawa Kiswahili. Hakuwahi kuitazama filamu kabla ya watazamaji. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. "Chakula cha kuonjwaonjwa hupoa," alisema. Na kila mhusika alimkopea sauti ya mtu wa mtaani: jambazi akaongea kama muuza mkaa, malkia akaongea kama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, jenerali akapewa sauti ya mwenye ukumbi mwenyewe, naye akalipa mshahara huku akinuna. Watu walikuja kusikiliza kuliko kutazama.

Tikiti ziliuzwa na mkewe, naye kwa hiyo akaitwa Mama Tiketi. Jumanne jioni, kabla watu hawajaanza kupanga foleni, aliegemea dirisha lake dogo.

"Leo nimekifagia chumba cha mpangaji wako," alisema. "Ni msafi ajabu. Hata kitanda hana."

Kasuku alitazama huku na huku. "Punguza sauti, mke wangu. Unajua mimi sina neno nao. Daktari aliyemuunga mama nyonga si wa huko huko? Sikumshukuru kwa mikono miwili?"

"Ulimshukuru mpaka akachoka."

"Basi. Lakini hospitali ni hospitali, nyumba ni nyumba. Sebule moja, yeye anasali kivyake, sisi kivyetu. Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

Kasuku alijaribu kuwataja. Aliwapitisha majirani kichwani mmoja mmoja, na kila aliyepita alikuwa ana shughuli zake.

"Watu tu," akasema.

"Hao Watu Tu wana mikono ya kumsimamisha mama yako? Maana mimi mgongo wangu umefika. Jana nimemgeuza mara sita."

Usiku huo, jambazi, polisi na mjane wa jambazi wote waliongea kwa sauti ya Mama Tiketi, naye huko dirishani akacheka peke yake, maana alijua mtu akinyamazishwa na mkewe hulipiza kazini.

*

Uongo ukishazaliwa unataka kulelewa. Bibi alikuwa anauliza kila asubuhi: fundi saa ameamkaje, mbona haji kunisalimu, wenzetu siku hizi hawasalimii wagonjwa? Jumatano Kasuku alipita nje ya mlango wa Bibi akakohoa kikohozi cha mzee, akasema kwa sauti nzito ya puani, "Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, fundi. Ingia nikuone."

"Nina haraka, mama. Saa za watu."

Kisha Bibi akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Kila mtu humu namjua kwa hatua zake. Huyu anakohoa tu. Amepanga bila viatu."

Ndipo Kasuku akatundika shati uani, palipoonekana kutoka dirisha la Bibi, ili mpangaji apate mwili. Bibi alilitazama mchana kutwa. Jioni akamwambia mkwe wake, "Fundi saa ana bahati. Kile kiraka cha kwapani nilikishona kwa mkono wangu."

Mambo yaliharibika kabisa siku ya Alhamisi. Kasuku alikuwa ameingia chumba kile kuchukua ndoo, akasikia msichana wa viungo anabisha hodi. Alikuja kuaga, kwa kuwa anahama bweni, na kumwonyesha Mama Tiketi namna ya kumnyoosha Bibi goti. Kasuku akaona aibu kutokea na ndoo chumbani kwa mpangaji. Akausukuma mlango taratibu, akasimama ndani kama mwizi.

"Leo mpangaji wetu yupo," alimsikia mama yake akisema, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. "Nenda ukamsalimie, mjukuu wangu. Ni mpweke."

Hatua za msichana zilikuja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

Kasuku alifumba macho. "Marahaba, mwanangu," alisema kwa pua. "Samahani sifungui, nimetandaza vyuma vidogovidogo sakafuni."

"Usijali. Nina saa yangu imesimama tangu juzi. Utaniangalilia?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini Kasuku hakuwahi kuachia sauti katikati ya mchezo. "Ipitishe hapo chini," alisema, kwani mlango ule uliachana na sakafu kwa vidole viwili.

Saa ilikuja, ndogo, ya kike, na mkanda uliochakaa. Msichana alikuwa ameinama kuipitisha, na alikawia kidogo kuinuka.

"Asante, fundi," alisema. "Utamwachia baba mwenye nyumba."

Ijumaa Kasuku aliamka mapema kuliko desturi yake, akaenda mjini kwa fundi saa wa kweli, akapanga foleni nyuma ya watu wanane. Fundi wa kweli alimuuliza saa ni ya nani. Kasuku akasema ni ya binti wa nyumbani. Njiani akirudi aliligeuza jibu hilo mdomoni. Ulikuwa uongo wa pili, ila huu ungeweza kuwa kweli, na aliyezuia ni yeye.

*

Filamu ya Jumamosi alasiri ilikuwa ya zamani, ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Mwenye ukumbi aliinunua ndani ya fungu la filamu kumi za bei ya kutupa, akadhani ni ya vita kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na mtu aliyekunja uso. Ukumbi ulijaa. Kasuku alipanda kiti chake, akapuliza kipaza sauti, akaanza.

Haikuwa ya vita. Ilikuwa ya mwalimu wa piano, mwanamke mwembamba mwenye kofia, aliyehamia mji wa baridi kufundisha watoto muziki. Mji ulimpenda. Kasuku alimpa sauti ya muuza magazeti, msichana mchangamfu, na watu wakafurahi. Kisha siku moja mtoto akamwona mwalimu akisali, tena kwa namna tofauti na ya mji. Kuanzia hapo Kasuku alihisi kiti kinamchoma.

Mwalimu akaenda kwa tajiri wa mji siku ya somo. Tajiri alikuwa mnene, mpole, mnyororo wa saa umepita tumboni. Alifungua mlango nusu, akatabasamu, akasema maneno yake. Kasuku aliyasikia vizuri katika lugha yao. *Usinielewe vibaya. Mimi sina neno na watu wa dini yako. Daktari wangu ni mmoja wenu. Lakini watu watasema. Na bahati mbaya, mtoto ameshapata mwalimu mwingine.*

Miaka ishirini ya kazi, Kasuku hakuwahi kukosa neno. Safari hii maneno alikuwa nayo yote, mpaka na pumzi za katikati, na ndiyo maana hayakutoka.

"Pole, mwalimu," alisema kwenye kipaza sauti. "Mtoto ana homa."

Pale pale kwenye pazia mtoto akatokea nyuma ya baba yake akiruka kamba.

Ukumbi ukaguna. "Homa gani hiyo inaruka kamba?" mtu aliuliza kutoka viti vya mbele.

"Imeshuka sasa hivi," Kasuku alisema, na watu wakacheka, akapata nafuu.

Mwalimu akaenda nyumba ya pili. Mama wa nyumba ile naye akatabasamu, akasema yake.

"Na wa huku ana homa," alisema Kasuku.

Nyumba ya tatu mwalimu hakufika hata mlangoni. Mzee mmoja alimpungia mkono kutoka dirishani, akiongea.

"Huyu je?" mtu akauliza. "Au mji mzima una homa?"

"Mbona mwalimu analia? Mtu analilia homa ya watoto wa watu?"

"Kasuku, usituuzie mbuzi kwenye gunia. Tupe maneno."

Miguu ikaanza kugonga sakafu. Mwenye ukumbi akatokeza kichwa kutoka chumba cha mashine. Na kutoka nyuma kabisa, mlangoni, Mama Tiketi akasema, wala hakupaza sauti sana: "Sema alichosema."

Kasuku alimpa ishara mwenye ukumbi. Filamu ikarudishwa mpaka mlango wa tajiri. Kasuku alitafuta sauti ya kumpa: ya muuza mkaa haikufaa, wala ya mwenyekiti, wala ya jenerali. Hakuna mtu mtaani aliyestahili kuvalishwa maneno yale. Akayasema kwa sauti yake mwenyewe, ile anayoitumia nyumbani kuomba chumvi, na ukumbi ambao haukuwa umewahi kuisikia ukatulia tuli.

"Usinielewe vibaya. Mimi sina neno na watu wa dini yako. Daktari wangu ni mmoja wenu. Lakini watu watasema. Na bahati mbaya, mtoto ameshapata mwalimu mwingine."

Kisha mama mmoja akasonya sonyo refu lililotoka viti vya nyuma likafika mbele bila kukatika.

"Hakuna mwalimu mwingine hapo," alisema. "Mwongo mkubwa."

"Na anavyotabasamu sasa. Bora angemtukana, mtu ajue moja."

"Na daktari wake anamtaja wa nini? Kwani daktari ndiye aliyeomba kazi?"

Kasuku alikaa juu ya kiti kirefu, mwanga wa pazia usoni, akihukumiwa na watu mia mbili waliompenda, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Zaidi ya mkewe, mmoja alijua. Taa za mapumziko zilipowaka alimwona msichana wa viungo amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango, tikiti ya bure ya Mama Tiketi mkononi.

*

Alimkuta karibu na dirisha la tikiti. Mama Tiketi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande mwingine. Kasuku alitoa saa mfukoni, akaipokeza kwa mikono miwili.

"Inatembea," msichana alisema, akiiweka sikioni. "Fundi wako ni hodari. Mwambie asante."

"Umejua lini?"

"Nilipoinama. Nilitaka kumwona mtu, nikaona ndala za baba mwenye nyumba."

Kasuku alijaribu kucheka, ikatoka kama kikohozi cha fundi. "Hakuna mpangaji," alisema. "Hakuwapo. Niliposikia jina lako ndipo nilipompangisha. Nimekukosea, mwanangu. Na mama yangu nimemkosea, yeye ndiye anayelala. Chumba kipo. Hata leo hii."

"Nimeshapata kingine."

Kasuku alimtazama. "Kweli, au kama changu?"

Safari hii msichana alicheka, kicheko kifupi ambacho hakukipanga. "Kweli. Huko juu, mwisho wa barabara ya lami. Nimelipa mwezi, na mwenye nyumba harudishi."

"Kwa hiyo mama…"

"Sijaja hapa kukusamehe, baba. Nimekuja kutazama sinema, na nusu yake umeniharibia." Alivaa saa yake, akaifunga mkanda polepole. "Bibi hakunikosea. Nitapita kila asubuhi kabla ya zamu, siku thelathini. Nauli juu yako. Jioni utamfanyisha wewe. Nitakufundisha, na usipofanya nitajua, goti huwa linasema. Chumba nitakuja kukiangalia mwezi ukiisha. Kama nitakuwa nakitaka."

"Kama utakuwa unakitaka," Kasuku alirudia, kwa mazoea ya kazi.

Kengele ya sehemu ya pili ikalia. "Panda ukatafsiri," msichana alimwambia. "Nataka kujua kama yule mwalimu atapata wa kumfundisha."

*

Kwa siku thelathini Kasuku, mtu wa kulala saa saba za usiku, alikuwa kituoni kabla jua halijatoka kumpokea. Majirani walimwona akimbebea mkoba. Watu Tu hawakusema lolote, isipokuwa jirani wa mkono wa kulia aliyeuliza kama yule dada angeweza kumtazama na yeye bega.

Jioni Bibi alimtukana mwanawe kwa kila goti lililokunjwa. Alimtukana vizuri, kwa mpangilio, na matusi yalivyozidi kupata pumzi ndivyo miguu ilivyozidi kupata nguvu. Wiki ya pili alikaa ukingoni mwa kitanda. Wiki ya tatu alisimama, akishika chuma cha kutembelea chenye miguu minne, akatetemeka kama anayesimama juu ya mashine ya kusaga, akasema, "Kumbe dari ni chafu hivi?" Mama Tiketi aliingia jikoni akalia humo, kisha akatoka na fimbo ya kuondolea utando wa buibui.

Siku ya thelathini na moja msichana alikuja mchana, bila sare ya kazi, akasema, "Haya, nionyesheni."

Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa. Alizunguka ndani yake bila haraka. Aligonga ukuta. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Aliuliza maji yanatoka saa ngapi. Kasuku na mkewe walisimama mlangoni bega kwa bega kama wanaosubiri majibu ya mtihani.

"Mimi husali mapema," msichana alisema. "Naamka kabla yenu. Kuna atakayesumbuka?"

"Hakuna," alisema Kasuku.

"Na majirani zenu, ni watu wa namna gani?"

Kasuku alianza kuwapitisha tena kichwani mmoja mmoja. Nyuma yake ikasikika sauti ya chuma kikigonga sakafu, hatua, chuma, hatua, tena muda mrefu kati ya moja na nyingine. Hakuna aliyegeuka kumsaidia, walikuwa wameshafundishwa. Bibi akawapita katikati, akaushika mwimo wa mlango, akahema.

"Majirani ni watu wa kawaida," alisema. "Wana maneno kidogo na maumivu mengi. Utawaweza."

Msichana alikuwa anapima dirisha kwa shubiri, kutoka pembe mpaka pembe, midomo ikihesabu.

"Pazia langu litapungua hapa," alisema. "Kwa kiasi gani sijui."

Kasuku alibaki mlangoni akiliangalia dirisha.

"Mwanangu," Bibi akasema, bila kuachia mlango, "umesimama hapo unatafsiri nini? Nenda kalete futi ya kupimia."